Ulimi wa Fevvers: Usemi na Ushahidi katika Riwaya ya Angela Carter

Riwaya iitwayo Nights at the Circus, iliyotungwa na Mwingereza Angela Carter (1940–1992) na kuchapishwa mwaka 1984, ni habari ya maisha ya mwanamke wa sarakasi katika miaka ya mwisho ya enzi ya Malkia Victoria. Mwanamke huyo, Sophie Fevvers, ana mabawa mgongoni, na yeye mwenyewe adai kuwa hakuzaliwa bali aliangulika katika yai, akaokotwa ndani ya kikapu mlangoni pa nyumba ya malaya mjini London. Wahakiki wengi wameshughulika mno na mabawa hayo: ni ya kweli ama ni ya kubandikwa? Swali hilo limo kitabuni, tena ndilo limjazialo Fevvers watazamaji. Walakini aisomaye riwaya hii kwa sikio, si kwa jicho peke yake, ataona kuwa ajabu yake kubwa zaidi imo katika ulimi wa mwanamke huyu.

Ushahidi wa kwanza ni jina lenyewe. Neno la Kiingereza lenye maana ya manyoya lina katikati yake sauti ile ile ianzayo neno dhahabu. Wasemaji wa Cockney, yaani Kiingereza cha watu wa kazi wa mashariki ya London, huigeuza sauti hiyo kuwa v. Hivyo manyoya yakawa Fevvers. Jina hili basi ni maana na tabaka kwa pamoja: lataja mabawa, na papo hapo lamfichua mtajaji kuwa ni mtoto wa mitaa ya kimaskini. Mswahili wa pwani hana haja ya kufafanuliwa jambo hili. Amjua sana mtu asemaye zahabu kwa dhahabu, na samani kwa thamani, na mara nyingi amekwisha kumcheka kabla hajasikia alilokuja kusema.

Sehemu ya kwanza, iliyo bora kupita zote, yatukia chumbani mwa Fevvers katika jumba la michezo la Alhambra mwaka 1899. Jack Walser, mwandishi wa gazeti kutoka Marekani, amekuja na daftari lake akikusudia kumtia Fevvers katika orodha ya walaghai wakubwa wa dunia. Fevvers asimulia usiku kucha, na Lizzie, mama yake wa kulea, humkatiza, humsahihisha na kumkumbusha. Husimulia jinsi alivyojifunza kuruka kwa kuwatazama njiwa, jinsi Ma Nelson mwenye nyumba alivyokufa kwa kukanyagwa na gari la pombe, na jinsi alivyowekwa katika makumbusho ya Madame Schreck ili atazamwe na wanaume. Maneno ya mtaani na maneno ya vitabuni hutoka katika kinywa kimoja, wakati mwingine katika sentensi moja. Saa ya Big Ben yagonga usiku wa manane mara moja, kisha tena, na tena. Walser hajui aandike nini. Mabawa aliweza kuyastahimili. Kinachomtia mashaka ni mwanamke wa Cockney anayejua mambo ya falsafa.

Carter apitisha kichwani mwa Walser hoja nzuri sana. Fevvers akiwa hewani huenda polepole, hapiti mwendo wa mchezaji wa kawaida wa pembea. Je, mtu mwenye mabawa ya kweli hangelazimika kujifanya wa uongo ili apate riziki? Akithibitika kuwa wa kweli, hageuki kuwa kioja tu? Shaka, kwa hiyo, ni mtaji wake. Kitovu nacho chaingia katika hesabu: aliyeangulika hapaswi kuwa nacho. Msomaji wa Kiswahili, ambaye kwake mahali kilipozikwa kitovu ndipo kwao mtu, atalipima jambo hili kwa uzito ambao pengine mtungaji hakuukusudia.

Katika fasihi ya Kiswahili kuna maisha ya msanii mwanamke yanayofaa kuwekwa kando ya haya, nayo ni ya kweli: maisha ya mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad (1880–1950), yaliyoandikwa na Shaaban Robert. Humo sauti ya Siti yafika kwa msomaji imekwisha kupita katika lugha ya adabu ya mwandishi wake. Walser naye alitaka kufanya vivyo hivyo, bila ya ile heshima, akashindwa.

Sehemu ya pili, iliyo St Petersburg, ina mambo mengi kupita kiasi. Kanali Kearney na nguruwe wake mtabiri, kisa cha wachekeshaji, na mtawala mkubwa atakaye kumtia Fevvers katika yai la vito: vyote hivi vyachangamsha, lakini husongamana, na ulimi uliobeba sehemu ya kwanza wapata nafasi ndogo. Yatosha kusema kuwa hadithi yainuka tena Siberia baada ya gari moshi kulipuliwa. Walser apoteza kumbukumbu na lugha, awika kama jogoo, kisha ajifunza kusema upya katika nyumba ya mganga. Fevvers avunjika bawa, rangi ya manyoya yamtoka, na hapo ndipo aanzapo kusimulia mara kwa mara kwa nafsi ya kwanza pasipo mtu wa kumwandika.

Lipo kosa moja ambalo halipasi kufunikwa. Katika kitabu ambamo kusema ndiko kuwapo, watu weusi wawili wenye nafasi ya maana wanyimwa usemi. Toussaint, mtumishi wa Madame Schreck, amezaliwa bila ya kinywa. Apewa kimoja baadaye kwa kisu cha daktari, lakini habari zake twaletewa na Fevvers. Binti Mfalme wa Uhabeshi, ambaye Uhabeshi wake ni wa jukwaani tu, hucheza piano mbele ya simba-marara wake, wala hasemi. Yawezekana kujibu kwamba Carter aonyesha hapa jinsi dunia ya 1899 ilivyowafumba midomo. Jibu hilo lamwokoa Toussaint kwa sehemu, maana upungufu wake umetajwa kuwa upungufu. Halimtoshi yule Binti Mfalme, ambaye ukimya wake umefanywa pambo.

Kwa mtu atakayejaribu kukifasiri kitabu hiki, Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja kilichochaguliwa katika miaka ya mwisho ya 1920, chaweza kuibeba sauti ya msimulizi na ya Walser. Fevvers akivikwa hicho peke yake atakuwa mwanamke mwingine. Hapana budi apewe usemi wa mtaa wa mji mmoja ulio maalumu, wenye matamshi yake, na mfasiri azuie mkono wake usimfanye kichekesho kila afunguapo kinywa. Kwani katika tamthilia na riwaya zetu asemaye kwa lafudhi ya kwao aghalabu ni mpishi, mlinzi au mlevi. Jina na liachwe kama lilivyo. Manyoya yatapotea humo, na itabidi Lizzie apewe nafasi mapema ya kutamka, kwa maneno machache, jina hilo lilikotoka.