Gesi iliyosikilizwa: namna R ilivyopimwa

Mwanafunzi wa kemia hupewa R, konstanti ya gesi, = 8.314 kwenye karatasi ya mtihani, akaitia ndani ya PV = nRT na kuendelea na hesabu. Tarakimu hizo zilipatikanaje? Wengi wangedhani unachukua chupa ya gesi, unapima kanieneo, ujazo na halijoto, kisha unagawanya. Kwa usahihi mkubwa njia hiyo inasumbua, kwani molekuli za gesi halisi huvutana na kusukumana, na nyingine hung'ang'ania kuta za chombo.

Waliofanikiwa waliisikiliza gesi. Kwenye argoni, ambayo atomu zake hazishikani mbilimbili, mraba wa kasi ya sauti ni 5/3 ya RT ukigawanya kwa tungamo la moli moja. Kanieneo haimo kabisa, ilimradi iwe ndogo mno. Mwaka 1988, Michael Moldover na wenzake nchini Marekani waliijaza argoni ndani ya tufe la chuma cha pua lenye ujazo wa lita 3 hivi, kwenye 273.16 K, halijoto ambayo barafu, maji na mvuke hukaa pamoja. Walitafuta masafa yanayolifanya tufe livume. Ukijua masafa na ukubwa wa tufe, kasi unayo: karibu mita 307.8 kwa sekunde. Walirudia kwa kanieneo mbalimbali, wakafuata mwelekeo wa matokeo hadi kwenye kanieneo sifuri. Ujazo ndio uliowatoa jasho. Walilijaza tufe zebaki na kupima uzito wake. Shaka ya kipimo ikashuka chini ya sehemu 2 kwa milioni.

Kundi la Michael de Podesta, Uingereza, lilitangaza kipimo chake mwaka 2013. Chombo chao cha shaba kilichongwa kwa ncha ya almasi, na kwa makusudi hakikuwa duara kamili. Ndani ya tufe kamilifu, mitetemo mitatu ya mawimbi ya maikrowevu hulaliana na kuonekana mmoja. Ukilipotosha kidogo tu, inaachana na kila mmoja unasomeka peke yake. Hivyo maikrowevu yakapima umbo, zebaki ikastaafu. Kwangu mimi huo ndio ustadi mkubwa wa kazi nzima. Lakini argoni yenyewe ikawaponyoka: uwiano wa isotopu zake ulipopimwa upya Korea Kusini, tungamo la moli lilihama karibu sehemu 3 kwa milioni, na matokeo yakabidi kusahihishwa.

Tarehe 20 Mei 2019 kupima huko kulikoma. Konstanti ya Boltzmann iliwekwa kuwa 1.380649 × 10⁻²³ J/K kamili, namba ya Avogadro nayo ikafungwa, na R ni zao lao tu. Shaka haikupotea, ilihamia kwenye maji, ambayo 273.16 K yake sasa ni kitu cha kupimwa. Anayepuliza argoni ndani ya chombo kilekile leo hatafuti R tena. Anasoma halijoto.