Pundamilia Hana Mkopo: Sapolsky, Mawazo na Sukari Yako

Bila shaka umewahi kusikia mtu akisema, "Sukari yake imeletwa na mawazo." Ukitaka kujua kauli hiyo ina ukweli kiasi gani, anza na kitabu cha Robert Sapolsky, Why Zebras Don't Get Ulcers, kilichotoka mwaka 1994. Mwandishi alikaa misimu mingi Masai Mara, Kenya, akipima homoni za nyani, kwa hiyo simba na pundamilia anaowaelezea aliwaona kwa macho yake.

Hoja yake inashikika haraka. Pundamilia akikimbizwa na simba, adrenalini na kortisoli hupanda, ini hufungua ghala la glukosi, insulini hushuka, na misuli inayokimbia hupata nguvu. Dakika chache baadaye ameliwa, au amerudi kula majani. Wewe je? Una kodi ya nyumba, ada ya mtoto, marejesho ya mkopo. Ini lako linamwaga sukari vilevile, lakini hukimbii popote. Kortisoli ikibaki juu kwa muda mrefu, misuli na mafuta ya mwili huanza kuidharau insulini, na kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Sehemu hii Sapolsky ameieleza vizuri mno.

Tatizo langu liko kwenye kiasi. Kwamba kortisoli ikizidi hupandisha sukari, hilo halina ubishi: tunaliona kwa wenye ugonjwa wa Cushing, na kwa baadhi ya wanaotumia prednisolone kwa muda mrefu. Lakini viwango hivyo ni vikubwa kuliko vya mtu anayewaza kodi. Tafiti zinaonyesha uhusiano kati ya msongo wa mawazo na kisukari aina ya pili, sawa, ila mtu huyohuyo mara nyingi halali vizuri, hafanyi mazoezi, na anakula chipsi saa nne usiku. Kipi kimefanya nini? Kitabu hakidai kwamba msongo ndio chanzo pekee, lakini mfano wa pundamilia ni mtamu kiasi kwamba msomaji anaweza kuondoka na simba tu kichwani.

Na onyo limo kwenye jina la kitabu chenyewe. Vidonda vya tumbo navyo vilisingiziwa mawazo kwa miaka mingi, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha mchango wa bakteria, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Msongo bado una nafasi yake kwenye vidonda, ndiyo. Lakini bakteria hawaondoki kwa kuambiwa "tulia."

Kwa nini nalikazania hili? Kwa sababu mgonjwa akiamini kisukari chake ni mawazo tu, anaweza kuacha metformin akisubiri moyo utulie. Na ndugu zake wanaweza kuanza kumlaumu kwamba "anawaza sana," kana kwamba kodi ameitaka yeye.

Kwa hiyo kisome. Pumzika, lala, punguza unachoweza kupunguza. Ila dawa endelea nazo, na sukari pima.