Makmende Amerudi: Neno, Shujaa na Hadhira katika Video ya "Ha-He"

Machi 2010 bendi huru ya Nairobi, Just a Band, ilitoa video ya wimbo "Ha-He", uliomo katika albamu yake ya 82 (2009). Mjadala mwingi uliofuata ulihusu kasi ya kuenea kwake mtandaoni. Makala haya yanahoji kwamba chimbuko la mafanikio hayo ni la kilugha: bendi haikubuni shujaa, bali ilimpa sura shujaa aliyekwisha kuishi ndani ya neno.

Neno lenyewe hunasibishwa na kauli "make my day" ya Clint Eastwood katika filamu ya Sudden Impact (1983). Vijana wa Nairobi wa miaka ya 1990 walilitumia kumkejeli mtu anayejifanya jasiri. Katika utohozi huu, kirai kizima kimegeuka nomino ya ngeli ya A-WA. Aidha, kimepachikwa nazali kabla ya /d/, ilhali mfuatano wa "km" umeachwa bila irabu ya kuutenganisha. Neno limebaki nusu geni, na mwishoni sikio la Mswahili linasikia "mende". Kejeli imo katika umbo lenyewe.

Kauli "Makmende amerudi", iliyoambatana na video, inategemea kiambishi -me-. Arudiye alikuwapo. Mtazamaji hatambulishwi kwa shujaa, anakumbushwa. Muhammad Kijumwa alifanya jambo la karibu na hilo mwaka 1913 alipoutunga utendi wa Fumo Liyongo, kwani masimulizi yalimtangulia. Lakini Liyongo ana kitovu, na sindano ya shaba mkononi mwa mwanawe inammaliza. Makmende hana pa kuchomwa.

Tofauti hiyo inatuondoa katika utendi na kutupeleka kwenye kibanda cha video. Mtoto wa Manyoni aliyelipa kiingilio ili atazame filamu za mapigano aliijua kanuni yake sawa na mwenzake wa Nairobi: steringi hafi. Kwa kuwa hafi, kila mtu anaweza kumwongezea tendo jingine, na ndivyo hadhira ilivyofanya kwa vichekesho ilivyotunga kwenye Twitter na Facebook. Fanani alianzisha, hadhira ikaendeleza utunzi, kama ilivyo desturi ya fasihi simulizi.

Hata hivyo, faida hiyo ina gharama. Shujaa asiyeweza kujeruhiwa huzaa vichekesho, si tanzia. Na kadiri vichekesho vilivyoongezeka, ndivyo wimbo ulivyogeuka kuwa usuli wa mhusika wake. Wengi wanamkumbuka Makmende pasipo kukumbuka "Ha-He". Kwa hiyo, mhakiki atakayechambua maneno ya wimbo peke yake ataikosa kazi yenyewe, na atakayetazama picha peke yake atalikosa neno lililoizaa.