Mahindi, Wimbi na Mkono wa Mama Pima

Anayetaka kuijua busaa, pombe ya mahindi na wimbi, iliyo nzuri ya Bungoma, magharibi mwa Kenya, asikimbilie kikombe. Aombe kwanza kuona gunia la mahindi. Punje ziwe kavu, nzito, zisizo na madoa ya ukungu. Wapo wanaoamini kwamba mahindi yaliyooza yanatosha kwa pombe, kwa kuwa yatapikwa na kuchachuka. Imani hiyo ni hatari. Sumu ya kuvu haiishi yote kwa moto wala kwa uchachu, na mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika mashariki ya Kenya.

Mahindi bora hayako mbali. Kitale ni kitovu cha mahindi ya Kenya: kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, na watafiti wa mji huo walichanganya mbegu ya kienyeji na nyingine ya Ecuador wakapata H611, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Mwaka huohuo Bunge la Marekani liliitambua bourbon, wiski ya mahindi, kuwa kinywaji cha nchi hiyo pekee. Sheria ya huko inataka mahindi yawe angalau asilimia 51 ya nafaka zake.

Kinachofuata ndicho kinachopambanua fundi na mbahatishaji. Unga wa mahindi hulowanishwa, ukafunikwa siku kadhaa hadi uchachuke, kisha hukaangwa kwenye bati au karai kubwa juu ya moto wa kuni. Hapa mama pima, yaani mwanamke anayepika na kuuza pombe, anasimama na koleo, anageuza bila kupumzika, moshi ukimwingia machoni. Mkaango sawa hutoa rangi ya kahawia inayofanana kote na harufu ya mahindi ya kuchoma. Ukiona vidonge vyeusi nje na vyeupe ndani, moto ulikuwa mkali na mkono mvivu, na pombe itakuwa na uchungu unaokwama kooni.

Kisha huja kimea cha wimbi. Wimbi huloweshwa, huota, hukaushwa juani na kusagwa. Kimea hicho ndicho kinachogeuza wanga wa mahindi kuwa sukari, kazi ileile ambayo shayiri iliyooteshwa huifanya kwenye bourbon ya Kentucky. Kimea kizuri kinanukia utamu. Chenye harufu ya chumba kilichofungwa hakifai hata kama ni cha bei nafuu.

Ikiwa tayari, busaa huwa nzito, ya kahawia, yenye povu na uchachu ulio safi ulimini. Uchachu wa siki ni dalili kwamba imepitwa na wakati, maana kinywaji hiki kiko hai na hakingoji.

Chang'aa, pombe kali ya kukenekwa, ni habari nyingine. Ilipigwa marufuku mwaka 1980, sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti, miongoni mwayo kuuzwa katika chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Hakuna ulimi unaoweza kubaini sumu ya methanoli ndani yake, wala rangi ya mwali inapowashwa moto haitoshi kuthibitisha usalama. Nairobi iliomboleza watu zaidi ya mia moja mwaka 2000 waliokufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa sumu hiyo. Mtaalamu wa kweli haonji kinywaji asichojua kilikotoka.

Mafundi wa pombe nao husahaulika; hata Marekani ilichelewa kuwataja wake. Nathan Green, aliyekuwa mtumwa huko Tennessee, ndiye aliyemfundisha Jack Daniel kutengeneza wiski, na kampuni yenye jina la Daniel ilianza kulitangaza hilo waziwazi mwaka 2016 tu. Akina mama wa Bungoma waliosomesha watoto kwa busaa wanastahili kutajwa mapema zaidi ya hapo.

Agosti ya kila mwaka wa namba shufwa, Wabukusu wa Bungoma wanapotahiri vijana, busaa hunywewa kwenye chungu kwa mirija mirefu, na maji ya moto huongezwa kadiri inavyopungua. Nafasi ya kupima kimea ni hapo: busaa ya kimea hafifu huwa maji matupu baada ya kuongezwa maji mara mbili, ya kimea kilichooteshwa vizuri bado ina ladha ya nafaka jua linapotua.