Sitaki Kuwa Rabi: Gershom Scholem na Shahada Isiyo na Ajira

Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba nataka kusoma uzamili wa fasihi, baba mdogo aliniuliza swali moja tu: "Halafu uajiriwe na nani?" Sikuwa na jibu. Nikaingia kwenye uandishi wa habari, na uzamili wangu mpaka leo uko kwenye orodha ya mambo ya mwakani. Ndiyo maana kuna ukurasa wa kitabu hiki ulionifanya nicheke peke yangu ndani ya daladala mpaka abiria wa pembeni akanitazama.

Kitabu ni kumbukumbu za ujana za Gershom Scholem, Kutoka Berlin hadi Yerusalemu. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1977. Mimi nimesoma tafsiri ya Kiingereza ya 1980. Katika ukurasa ninaousema, baba yake, mzee Arthur, mwenye kiwanda cha uchapaji jijini Berlin, anamlalamikia rafiki yake. Kijana anapenda hisabati? Sawa, awe injinia. Hataki, anataka hisabati tupu. Anapenda mambo ya Kiyahudi? Basi asomee urabi, atayapata mpaka ayachoke. Hilo nalo hataki kabisa. Jamani, huyu si baba mdogo wangu huyu?

Lakini nyumbani kwa akina Scholem utani uliisha vibaya. Ilikuwa familia ya Kiyahudi iliyojihesabu kuwa ya Kijerumani kamili, kiasi cha kusherehekea Krismasi. Mwaka 1911 Gershom aliwekewa zawadi chini ya mti wa Krismasi: picha ya Theodor Herzl, kiongozi wa Uzayuni! Mwaka 1917 kaka yake Werner alikamatwa kwa kuandamana kupinga vita akiwa amevaa sare za jeshi. Gershom akamtetea mbele ya baba. Muda mfupi baadaye akapokea barua ya rejista, iliyotoka kwa baba anayekaa naye nyumba moja: ifikapo tarehe 1 Machi awe ameondoka, na atapewa mark 100 za kuanzia maisha.

Kuanzia hapo kitabu kinakuwa hadithi ya shahada, na ndipo kilipo kitamu. Vyuo vikuu vya Ujerumani wakati huo havikuwa na idara ya taaluma za Kiyahudi. Waliotaka kuzisoma kwa kina walikwenda kwenye seminari za marabi, kama ile ya Breslau iliyofunguliwa mwaka 1854. Kwa asiyetaka urabi, mlango ulikuwa umefungwa. Scholem akaingilia dirishani. Mwaka 1919 aliiacha hisabati, akahamia Munich kwa sababu moja: maktaba ya pale ilikuwa na miswada mingi ya mkono ya Kabala, yaani elimu ya siri ya Kiyahudi. Akasajiliwa chini ya Fritz Hommel, mtaalamu wa lugha za Kisemiti.

Kwanza alitaka kuandika juu ya nadharia nzima ya lugha katika Kabala. Akagundua kwamba mzigo ni mkubwa kuliko mabega. Akachagua kitabu kimoja, Bahir, maandishi mafupi na magumu yaliyojitokeza kusini mwa Ufaransa karne ya 12, akayatafsiri na kuyafafanua. Mwaka 1922 akapata uzamivu. Ile mada kubwa aliiandikia baada ya miaka 50 hivi. Yeyote aliyewahi kurudishiwa pendekezo la utafiti likiwa na maneno "punguza mada" atapumua kidogo akifika hapa.

Tukio ninalolipenda kuliko yote ni la ziara kwa Philipp Bloch, rabi mzee aliyekuwa na mkusanyiko mkubwa wa maandishi ya Kabala. Kijana anaangaza macho kwenye rafu, anamsifu mzee kwa kuyasoma yote yale. Mzee anashangaa: kwani takataka hizi anatakiwa azisome pia? Hapo Scholem anakuonyesha, bila hotuba, kwa nini alihitaji kusoma. Wasomi wa Kiyahudi wa kizazi kilichotangulia waliionea Kabala aibu. Waliitunza wasiifungue.

Sasa lawama zangu. Kitabu kimenyooka mno. Kimeandikwa na mzee anayekaribia miaka 80, anayejua kwamba kila kitu kilimwendea sawa: alisafiri kwenda Palestina mwaka 1923, akakataa kazi ya kufundisha hisabati akachukua ya maktaba, kisha Chuo Kikuu cha Kiebrania kikafunguliwa mwaka 1925 na yeye akawa mhadhiri. Hata jina la kitabu ni mshale: kutoka huku hadi kule. Shajara zake, zilizochapishwa baada ya kifo chake, zina kijana mwingine kabisa, mwenye huzuni na majivuno, aliyefikia hata kujiwazia kuwa ndiye Masihi. Jeshini alikopelekwa mwaka 1917 aliruhusiwa kutoka kwa sababu ya hali ya akili yake. Kumbukumbu zinalipita jambo hilo haraka haraka. Kwa anayewaza kuanza shahada ya namna hii leo, hofu ndiyo habari anayoihitaji zaidi, na ndiyo iliyofutwa.

Mshale ule pia haukuwa wa wote. Werner alibaki Ujerumani, na mwaka 1940 aliuawa katika kambi ya Buchenwald. Ukilijua hilo, ule ugomvi na barua ya rejista havichekeshi tena.

Pamoja na hayo, kisome. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nimepita pale mara nyingi nikiwa mwanafunzi, sikuwahi kuomba kufunguliwa hata mmoja. Nilipofika kwenye ile ziara, nilijitambua, na sikuwa upande wa kijana. Baba mdogo bado hajapata jibu lake, na Scholem hakunipa la kumpelekea. Ila Jumatatu nitakwenda kuulizia ile miswada.