Odi Si Hatari: Neno "Uwezekano" katika Usomaji wa Tafiti za Kitabibu

Neno uwezekano limebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili cha takwimu. Huitwa kwa jina hilo hatari, yaani sehemu ya watu wote waliopatwa na ugonjwa. Huitwa hivyo pia odi, yaani idadi ya waliopatwa ikigawanywa kwa idadi ya wasiopatwa. Katika tafiti zinazoanza na wagonjwa kisha kuwatafutia walinganishwa wasio na ugonjwa huo, mkanganyiko huu hauvumiliki.

Utafiti wa Doll na Hill wa mwaka 1950 ni kielelezo tosha. Wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, katika hospitali za London, walilinganishwa na wanaume 649 waliolazwa kwa maradhi mengine. Wasiovuta sigara walikuwa 2 upande wa kwanza na 27 upande wa pili. Uwiano wa odi ni takribani 14. Msomaji wa harakaharaka ataona pia wavutaji 647 wenye saratani kati ya 1,269, akatangaza hatari ya asilimia 51. Asilimia hiyo haisemi lolote kuhusu wakazi wa London. Imezaliwa na uamuzi wa watafiti wa kumpa kila mgonjwa mlinganishwa mmoja. Wangempa wawili wenye mazoea yaleyale, ingeshuka hadi 34, ilhali uwiano wa odi ungebaki 14. (Hata hiyo 14 imesimama juu ya watu wawili: wangekuwa watatu, ingekuwa kama 9.)

Mwaka 1951 Cornfield alionyesha kwamba ugonjwa ukiwa nadra, uwiano wa odi hukaribia uwiano wa hatari. Sharti hilo ndilo husahauliwa. Mwaka 1999 utafiti wa madaktari 720 nchini Marekani, wa muundo tofauti, ulionyesha kwamba kipimo cha moyo kwa katheta kilipendekezwa kwa asilimia 84.7 ya wagonjwa weusi na 90.6 ya weupe. Uwiano wa odi, 0.6, ukasomwa magazetini kuwa upungufu wa asilimia 40. Uwiano halisi wa mapendekezo ni 0.93. Ubaguzi ulikuwapo, ukubwa wake ndio uliotiwa chumvi.

Kwa mshauri wa sera, basi, "uwezekano mara 14" ni tafsiri isiyofaa. Anayetaka kujua ni wagonjwa wangapi wataepushwa hana budi kuitafuta kwanza idadi ya wanaougua kila mwaka katika rejista za saratani, kwa kuwa utafiti wa aina hii haukuibeba tangu mwanzo.