Kifo cha Saa Nyingi: Kutoka Golgotha hadi Old Kampala

Tunauvaa shingoni, tunausimika makaburini, tunajichora kifuani kabla ya kula. Kwa mazoea hayo tumesahau msalaba ulikuwa chombo cha kazi gani. Mkristo wa Kampala hana haja ya kwenda mbali kujikumbusha. Apande kilima cha Old Kampala, mahali alipouawa Matia Kalemba Mulumba mwishoni mwa Mei 1886.

Mulumba alikuwa mtu mzima mwenye cheo huko Ssingo. Alikuwa amepitia Uislamu, kisha mafundisho ya Waprotestanti, kabla ya kubatizwa Mkatoliki mwaka 1882. Baada ya Katikkiro, waziri mkuu wa Kabaka, kumhukumu kwa ajili ya imani yake, wauaji walimpeleka kilimani. Walimkata mikono na miguu, wakamchuna vipande vya nyama mgongoni na kuvichoma mbele ya macho yake. Kisha wakamfunga mishipa ili damu isimwishe upesi, wakaenda zao. Siku mbili baadaye watu waliokuja kukata matete walisikia sauti ikiomba maji. Walipoona ni nani anayeomba, walikimbia.

Ukitaka kuielewa adhabu ile, anza na mishipa iliyofungwa. Anayetaka mtu afe tu hana sababu ya kuzuia damu. Fundi wa Kampala alikuwa akirefusha muda, na hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na msalaba wa Warumi.

Warumi hawakuibuni adhabu hiyo. Waajemi na watu wa Karthago walikuwa nayo kabla yao. Walichofanya ni kuipa utaratibu. Mhukumiwa alichapwa mijeledi kwanza, akabebeshwa boriti ya kukingama, wala si msalaba mzima kama tunavyoonyeshwa kwenye sanamu nyingi, akapelekwa penye nguzo, kando ya njia wanayopita watu. Adhabu hii ilikuwa hasa ya watumwa na waasi. Raia wa Roma kwa kawaida hakuguswa nayo. Mwaka 71 KK, uasi wa Spartacus ulipozimwa, watu 6,000 walitundikwa kando ya barabara ya Appia, kutoka Capua hadi Roma. Ni kilomita zipatazo 200. Piga hesabu: mtu mmoja karibu kila mita 33.

Msumari wenyewe tumeuona. Mwaka 1968 huko Yerusalemu yalifukuliwa mabaki ya mtu aliyeitwa Yehohanan, na mfupa wa kisigino chake ulikuwa bado umeshikwa na msumari wa sentimita 11 hivi. Ncha yake ilikuwa imepinda, ndiyo maana haukung'oka. Tena uliingia ubavuni mwa kisigino, si juu ya nyayo zilizopandana kama wachongaji wetu wanavyopenda.

Madaktari wamebishana sana kuhusu kilichoua hasa: kukosa pumzi, damu kupungua, au mwili mzima kuzidiwa. Kwa maoni yangu ubishi huo unatupotezea jambo kubwa. Hakuna jeraha moja la msalaba lililokusudiwa kuua papo hapo. Wakitaka kuharakisha, askari walivunja miundi. Marko anaeleza kwamba Pilato alistaajabu kusikia Yesu amekwisha kufa, naye alikuwa ametundikwa tangu saa tatu hadi saa tisa. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati hapa, maana saa za Injili ni saa zetu zilezile: saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri. Saa sita za mateso, na mtawala mzoefu akaona ni chache!

Siku chache baada ya Mulumba, huko Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, moto ulifanya kazi hiyohiyo. Vijana Wakristo waliohukumiwa walikuwa wametembezwa kutoka Munyonyo, wakangoja siku kadhaa huku kuni zikikusanywa. Wakatoliki 13 walikufa hapo siku hiyo, pamoja na wenzao Waanglikana. Walizungushiwa mikeka ya matete, wakafungwa, wakalazwa juu ya kuni. Mbaga Tuzinde, jamaa wa mkuu wa wauaji Mukaajanga, alipigwa shingoni kwanza ili asiungue akiwa hai; hiyo ilikuwa huruma. Karoli Lwanga, kiongozi wao, hakuipata. Alitengwa na wenzake, akachomwa taratibu kuanzia miguuni.

Mauaji ya namna hii huhitaji watazamaji, na hapo ndipo mtawala anaposhindwa. Kiswahili kina neno shahidi kwa aliyeona na kwa aliyeuawa kwa ajili ya imani. Denis Kamyuka aliachwa hai Namugongo akiwa kijana, akasimulia aliyoyaona. Bila mashahidi wa aina ya kwanza tusingewajua wa aina ya pili. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 waliouawa katika mateso hayo kuwa watakatifu, miaka 78 tu baada ya moto. Msalaba ulingoja zaidi. Wakristo wa karne za kwanza hawakupenda kumchora Bwana wao akiwa juu yake, kwa kuwa walikuwa bado wakiona watu wakitundikwa. Mlango wa mbao wa kanisa la Santa Sabina huko Roma, ulio na mojawapo ya picha za kale zaidi za kusulubiwa, ni wa karne ya 5, adhabu yenyewe ilipokuwa imekwisha kukomeshwa.

Nadhani tumeifanya picha hiyo kuwa safi mno. Ijumaa Kuu, msafara wa Njia ya Msalaba ukikufikisha Old Kampala, usikimbilie kivuli. Simama hapo, bila maji, kuanzia saa sita hadi saa tisa. Mulumba alikaa kilimani hapo karibu siku tatu.